Kitufe Kilichowapeleka Wavuvi Baharini

Kila mpiganaji aliyepata kushika bunduki ya aina ya Kalashnikov, ambayo katika vikosi vyetu tumezoea kuiita SMG, anaujua ule mkono mdogo wa chuma ulio ubavuni mwake upande wa kulia. Ukiwa juu kabisa, silaha imefungwa. Ukiushusha hatua moja, silaha iko tayari kufyatua mfululizo. Ukiushusha mpaka mwisho, itafyatua risasi mojamoja. Tulipokuwa wanafunzi wa uofisa Monduli, mwalimu wetu alituuliza kwa nini mpangilio uwe huo wala usiwe kinyume chake, na darasa zima likanyamaza. Akatueleza kwamba askari aliyeshtukizwa hashushi mkono ule kwa hatua. Huukandamiza mpaka unapokomea, na unapokomea hukutana na risasi mojamoja, ambazo zitamlazimisha kulenga badala ya kumwaga magazini nzima hewani. Tuliondoka darasani tukiwa tumeelewa jambo moja: chombo cha kazi hakina budi kumfikiria mtu aliyechoka, aliyeshikwa na hofu na mwenye mikono inayotetemeka, kwa kuwa huyo ndiye atakayekitumia siku ya siku.

Somo hilo lilitujia tena mwaka 2023, katika mji mmoja wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, nchini Msumbiji, mbele ya kitu kisicho na mtutu wala risasi. Kitu chenyewe kilikuwa ni tovuti ya matangazo.

Yafaa kwanza tuwakumbushe wasomaji hali ya pwani ile. Ilikuwa tarehe 5 Oktoba, mwaka 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia viliposhambuliwa, na tangu hapo mkoa haukupata usingizi. Mwezi wa Agosti 2020 mji huo uliangukia mikononi mwa waasi, ukakaa humo mwaka mzima, hadi majeshi ya Msumbiji na Rwanda yalipoukomboa Agosti 2021. Palma ilivamiwa tarehe 24 Machi, 2021, na mawasiliano ya simu yakakatika wakati ule ule watu walipoyahitaji kuliko kitu chochote. Maelfu walikimbilia porini na ufukoni, na ndugu zao wa Pemba walishinda bandarini wakitazama kila chombo kinachotia nanga. Kufikia mwaka 2022 idadi ya waliohama makwao ilikaribia watu milioni moja. Mahali kama hapo, tangazo si pambo la ofisi. Njia gani imefungwa, ufuko gani usikaribiwe, bahari itafunguliwa lini: haya ni maneno ambayo mtu huyapima kabla hajamtuma mtoto wake kuchota maji.

Msomaji atauliza, je, mvuvi wa Kimwani anasoma tovuti? Hasomi. Lakini mtangazaji wa redio ya jamii anaisoma, naye hulitangaza jambo kwa Kimwani, kwa Kimakonde, kwa Kimakua na kwa Kireno. Mwalimu wa shule anaisoma kwenye simu yake na kuwapelekea wenzake. Kiongozi wa kitongoji hupata habari kutoka kwa mwalimu, na baada ya sala ya alasiri habari imekwisha kufika kwenye madau. Tovuti ni kisima. Wanaoteka humo ni wachache, lakini maji hufika kila nyumba. Kisima kikikauka usiku mmoja, kila nyumba hukosa.

Usiku huo mmoja ulitukuta. Katika ofisi ya matangazo tuliyokuwa tukisaidia, ambayo hatuna haja ya kuitaja, kazi ya kuandika matangazo alikuwa nayo koplo mmoja kijana, mtu makini, mwenye mwandiko safi na kumbukumbu nzuri. Mchana mmoja aliletewa amri fupi: bahari imefungwa kuanzia jioni hiyo kwa siku mbili, vyombo vyote vya uvuvi visitoke, kwa sababu kutakuwa na doria. Koplo akaketi, akaandika, akamaliza, akaenda kula. Jioni mtangazaji wa redio alifungua tovuti kama ilivyo desturi, hakuona tangazo jipya, akasoma yale ya juzi. Usiku madau matatu yakatweka. Alfajiri doria iliyakuta nje, na wavuvi kumi na mmoja wakaletwa pwani mikono kichwani, wakashikiliwa hadi alasiri ya siku ya pili ili wachunguzwe. Nyavu zao zilikatwa wakati wa kukamatwa. Samaki wakaoza juani.

Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja ambaye hakupiga kelele wala hakulalamika. Alitutazama, akauliza: “Bahari imefungwa na nani, wanangu, na mimi nimeambiwa na nani?” Hatukuhitaji mkalimani, maana Kimwani na Kiswahili ni ndugu wa tumbo moja, na kwa hakika siku ile tungependa tusingemwelewa.

Koplo aliandikiwa hati ya mashtaka kwa uzembe. Alipoitwa kujieleza, alisimama wima akasema: “Afande, mimi nilituma. Na niliiona kwa macho yangu.” Hatukumwamini. Tulidhani ni yale maneno ya kila mtu anayebanwa. Hata hivyo, kabla ya kutia saini, tuliona si haki kumhukumu mtu kwa chombo ambacho sisi wenyewe hatujawahi kukishika. Tukaomba nafasi kwenye kompyuta ile, tukafungua mfumo unaosimamia maudhui ya tovuti, tukajaribu kutoa tangazo la majaribio.

Mfumo ule ulikuwa na uso wa Kireno. Ukimaliza kuandika, chini ya maandishi kulikuwa na kitufe kikubwa cha buluu chenye neno “Guardar”, yaani kuhifadhi. Tulikibonyeza. Papo hapo ukatokea mstari wa kijani juu ya kioo, wenye neno “sucesso”, nalo halihitaji shule kulifahamu: mafanikio. Tukafungua ukurasa wa tovuti ili tuhakikishe, na tangazo letu tukaliona pale, limekaa vizuri, na herufi zake zimenyooka. Tukainuka kitini tukiwa tumeridhika. Kisha tukachukua simu ya polisi mmoja aliyekuwa mlangoni, tukafungua ukurasa ule ule. Tangazo halikuwamo.

Ndipo tulipoelewa. Kitufe cha buluu kilikuwa kinahifadhi rasimu tu. Kitufe cha kutangaza kilikuwa juu, pembeni kabisa, kimefichwa nyuma ya vidoti vitatu, na kwenye kompyuta ndogo ya ofisi hata vile vidoti vilikuwa nje ya kioo mpaka usogeze ukurasa. Mstari wa kijani haukudanganya, kwa maana kuhifadhi kulikuwa kumefanikiwa. Ila haukusema kweli yote. Na kwa kuwa mfumo ulimtambua mwandishi kuwa mtu wa ndani, ulimwonyesha rasimu yake kana kwamba imekwisha kutoka. Koplo alituma kwa kadiri ya ufahamu wake, na aliiona kwa macho yake kama alivyosema. Mtu alifanya ukaguzi ambao wengi wetu hatuufanyi, na ukaguzi wenyewe ndio uliomhadaa.

Hati ya mashtaka ilifutwa. Lakini kufuta hati si kuponya donda, maana kesho angeketi mwingine pale pale na kubonyeza buluu ile ile.

Jambo hili si geni katika majeshi ya dunia. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa Marekani waliorusha ndege kubwa za B-17 walikuwa wakitua salama, na baada ya kutua, wakikusudia kurudisha mabapa ya mabawa, wanakunja magurudumu, na ndege inakaa kwa tumbo. Waliitwa wazembe. Kijana mmoja mtaalamu wa saikolojia, Alphonse Chapanis, aliyekuwa afisa katika jeshi la anga, akaenda kukitazama chumba cha rubani badala ya kumtazama rubani. Akakuta swichi mbili za namna moja zimepangwa bega kwa bega, moja ya magurudumu na nyingine ya mabapa. Akaona pia kuwa marubani wa ndege za aina nyingine, ambazo swichi zake zilitofautiana, hawakuwa wakikosea hivyo. Dawa yake ilikuwa ya bei rahisi: juu ya swichi ya magurudumu akaweka kigurudumu kidogo cha mpira, na juu ya ile ya mabapa akaweka kipande chenye umbo la kabari. Mkono ukawa unajua kabla ya jicho.

Karibu zaidi na kazi yetu ya matangazo ni tukio la Hawaii la tarehe 13 Januari, 2018. Saa mbili na dakika saba asubuhi, wakazi wa visiwa vile walipokea kwenye simu zao onyo kwamba kombora linakuja, watafute mahali pa kujificha, na kwamba hayo si mazoezi. Watu waliwaingiza watoto wao kwenye mashimo ya maji machafu. Hapakuwa na kombora. Mwanzoni ilisemwa kwamba mtumishi wa zamu alichagua mstari usio wake kwenye orodha. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa aliamini kweli nchi inashambuliwa, kwa kuwa maneno ya zoezi yaliyosomwa zamuni yalichanganya. Lakini uchunguzi ule ule ulikuta kwamba onyo la kweli na onyo la mazoezi vilitumwa kupitia kioo kimoja, na kwamba swali la mwisho, je, una hakika unataka kutuma, liliulizwa kwa maneno yale yale kwa yote mawili. Tena hapakuwa na tangazo la kukanusha lililoandaliwa mapema, na wananchi wakangoja dakika 38 kuambiwa kuwa wako salama. Mtumishi alifukuzwa kazi. Tulipoyasoma hayo, tulimkumbuka koplo wetu, na hatukuwa na fahari yoyote kwa saini ambayo nusura tuitie.

Turudi pwani. Tulikwenda kwa fundi wa mfumo, kijana hodari, tukamweleza. Jibu lake la kwanza lilikuwa lile ambalo sisi maofisa pia hupenda kulitoa: wapewe mafunzo. Tukamwomba jambo dogo tu, naye akakubali. Kuna mtaalamu aitwaye Jakob Nielsen, ambaye amefundisha kwa miaka mingi kwamba huhitaji umati ili kugundua makosa mengi ya uso wa programu. Watu watano, wakipewa kazi halisi mmoja baada ya mwingine, watakuonyesha sehemu kubwa. Tukawatafuta watano: koplo mwingine, polisi wawili wa Msumbiji, karani mmoja, na mtangazaji wa redio. Kila mmoja aliketi peke yake na kupewa karatasi yenye amri ya kufunga bahari kuanzia saa kumi na mbili jioni. Fundi alikaa nyuma yao, naye aliapishwa jambo moja: asiseme neno.

Kiapo hicho kilikuwa kigumu kuliko alivyotarajia. Wanne kati ya watano walibonyeza buluu wakainuka. Polisi mmoja, ambaye cheo chake kwa Kireno ni “guarda”, alicheka akasema kitufe kile kimeandikwa jina lake, kwa hiyo alidhani ni cha kwake. Karani alipotea katika menyu ya upande wa kushoto, iliyojaa vitu vya fundi: rangi za kurasa, programu za nyongeza, hifadhi ya picha, takwimu za wageni. Kulikuwa na mistari zaidi ya ishirini, na wa kuandika tangazo ulikuwa wa saba. Koplo wa pili aliandika kwa uangalifu mno, mtandao ukayumba, mfumo ukamtaka aingize neno la siri upya, na alipoingia maandishi yake yote yalikuwa yamepotea. Aliuma midomo. Fundi, aliyekuwa amefungwa kinywa, alijishika kichwa kwa mikono miwili. Tangu hapo hakutaja tena mafunzo.

Ila lililotushangaza kuliko yote lilikuwa ni saa. Mtangazaji, mtu wa pwani, alisoma “saa kumi na mbili jioni” akaandika 12:00 katika nafasi ya muda, na mfumo ukapokea bila swali: bahari ingefungwa mchana, watu wakiwa wangali nje. Hilo ni kosa la kawaida kwa sisi tuhesabuo saa tangu kuchomoza kwa jua. Tulipochimba zaidi tukakuta la pili. Tanzania iko saa moja mbele ya Msumbiji, ingawa kinachotenganisha ni mto Ruvuma tu, na bahari ya Msimbati na ya Palma ni ile ile. Mvuvi aliyetoka upande wa Mtwara akiambiwa saa kumi na mbili, hutazama saa yake, na saa yake humwambia hivyo wakati Palma ni saa kumi na moja. Huko Palma kwenyewe jua huzama kabla ya saa kumi na mbili mwaka mzima, hivyo neno “jioni” kwa mtu wa pale limekwisha kuwa usiku. La tatu likawa kubwa kuliko yote: mfumo wenyewe haukufuata saa ya Msumbiji wala ya Tanzania. Ulikuwa umeachwa kwenye saa ya dunia, ile ya Greenwich, kama ulivyotoka kwa waundaji wake. Tangazo lililopangwa litoke saa kumi na mbili jioni lingetoka saa mbili usiku. Kwa muda wote huo hakuna aliyekuwa ameligundua, kwa sababu hakuna aliyekuwa amepanga.

Haidhuru tuseme neno juu ya mifumo hii kwa jumla, na tumelitumia neno hilo makusudi. Mmojawapo wa mifumo mashuhuri, Joomla, ulizaliwa mwaka 2005 pale waundaji wake walipojitenga na mfumo mwingine ulioitwa Mambo, na jina lake ni neno letu “jumla” lililoandikwa kwa matamshi ya Kiingereza. Tumetoa jina, itakuwa ajabu tukiogopa kutoa maoni. Hata mifumo mikubwa imejifunza kwa kutahayari. WordPress, unaoendesha zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani, ulibadilishwa uso mwezi wa Machi 2008, watumiaji wakanung'unika. Waundaji wakawaketisha watu wakawatazama wakifanya kazi, na Desemba mwaka ule ule wakatoa uso mwingine, menyu ikahamia upande wa kushoto. Mwaka uliofuata wakaongeza pipa la taka, ili kitu kilichofutwa kwa bahati mbaya kiweze kuokolewa. Miaka sita ilikuwa imepita tangu mfumo uanze. Kwa miaka sita kidole kikiteleza, kazi imekwenda.

Mabadiliko yetu yalichukua siku nne, wala hayakugharimu kitu isipokuwa usingizi wa fundi. Mtu wa matangazo akiingia sasa haoni menyu ya ishirini. Anaona mambo mawili, kuandika na kuangalia yaliyotoka. Fomu inamuuliza nini, wapi, kuanzia lini, mpaka lini. Muda huchaguliwa kwa maneno, alfajiri, asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku, kisha mfumo unaandika wenyewe saa ya Msumbiji na chini yake saa ya Tanzania. Maandishi yanajihifadhi kila baada ya muda mfupi, kwa hiyo mtandao ukiyumba hayapotei. Kitufe cha buluu kimekuwa kidogo na cha kijivu, na neno lake ni “Weka kwanza”. Kilicho kikubwa ni chekundu, nacho kimeandikwa “Tangaza kwa wananchi”, kwa Kiswahili na kwa Kireno. Na juu ya rasimu yoyote, hata mwandishi mwenyewe akiitazama, upo utepe mpana usemao: tangazo hili halijatoka.

Tulibishana juu ya maneno hayo kuliko tulivyobishana juu ya rangi. Fundi alitaka “chapisha”. Koplo alikataa, alisema kwake kuchapisha ni kazi ya mashine ya karatasi, na ofisini mlikuwa na mashine hiyo. Tulimuunga mkono.

Jambo moja halikufanikiwa, nasi hatutalificha. Neno la siri lilikuwa moja kwa watu wote, limebandikwa ukutani karibu na kalenda, na kila askari anajua maana ya hilo. Tuliagiza kila mtu awe na lake. Baada ya wiki mbili tulikuta ukutani karatasi mpya, yenye maneno ya siri ya watu wote, yamepangwa kwa cheo.

Miezi michache baadaye amri kama ile ilikuja tena. Koplo aliketi, tukasimama nyuma yake bila kusema neno. Aliandika, akachagua jioni, akasoma saa mbili zilizotokea, akamuuliza mletaji wa amri kama saa iliyoandikwa ni ya hapa au ya ng'ambo ya mto. Utepe ulikuwa bado uko juu. Akabonyeza chekundu, utepe ukatoweka, kisha bila kuambiwa akachukua simu ya polisi wa mlangoni akahakikisha. Redio ilisoma kwa Kimwani kabla ya magharibi.

Asubuhi tuliteremka ufukoni. Madau yote yalikuwa mchangani, na yule mzee alikuwa ameketi kivulini pembeni ya dau lake. Tulimwamkia, akaitikia, tukamuuliza kama safari hii habari ilimfikia.

“Imenifikia, wanangu,” alisema. “Sasa nyavu zangu je?”